Dakika Tatu na Bado Sijavuka Mto

Mimi niliishia darasa la nne. Nasema bila aibu, kwa sababu hapa Ifakara ukiuliza mashine ya kukobolea mpunga isiyopumzika msimu mzima ni ya nani, hata mtoto atakuleta mlangoni kwangu. Nyumba nimejenga mwenyewe, bati la bluu nimepandisha mwenyewe, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba maisha yangu yanaenea kwenye dakika tatu. Hilo neno, dakika tatu, mpaka leo nikilisikia napandwa na hasira.

Lilitoka kwenye chumba changu mwenyewe cha uani. Nimempangisha mwalimu wa shule ya msingi, binti wa watu wa Songea, mpole kwa kumwangalia. Siku moja akaniita, soketi yake inatoa cheche. Nimeinama na bisibisi yangu, nikageuka, nyuma ya mlango naona kipande cha boksi la sabuni kimebandikwa, kimeandikwa kwa kalamu nene:

"Malengo yangu ya teknolojia darasani. Picha nitapiga mwenyewe, hapa hapa bondeni. Kipande kisizidi dakika tatu. Skrini ikizimwa waongee wengine, siyo mimi."

Nikamuuliza, "Mwalimu, haya umeagizwa na serikali?"

"Hapana, baba. Nimejiagiza mwenyewe."

"Mtu anajiagizaje?"

Akacheka. Akaniambia mwaka jana alifundisha msuguano kwa video ya mtandaoni, magari yanateleza kwenye theluji huko Ulaya. Watoto wakashangaa theluji kipindi kizima. Kwenye mtihani, mmoja akaandika kwamba msuguano ni baridi kali.

"Ndiyo maana nikabandika pale," akasema. "Nikitoka asubuhi niyaone, nikirudi yanione."

Mimi nikamwona anajisumbua. Nilivyoanza kazi sikubandika kitu mlangoni, na mlango wenyewe sikuwa nao. Lakini wiki ile ile akaja mashineni, akapiga goti kidogo, "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Naomba nije nikupige picha za video, baba. Nataka darasa la sita waone mkanda wa mashine. Ukikaza unavuta, ukilegea unateleza. Ueleze kwa maneno yako mwenyewe."

Darasa la sita! Mimi ambaye nilitolewa darasa la nne kwa kukosa sare, nikasimamishwa nje ya dirisha kama mbuzi, halafu nikaondoka moja kwa moja. Tangu siku hiyo sijawahi kusimama mbele ya darasa lolote. Nimesimama mbele ya wanunuzi wa mchele kutoka Dar, mbele ya mahakama ya ardhi, mbele ya kwaya nzima kanisani. Darasa, hapana. Nikajisemea, sasa wataniona. Uso wangu, sauti yangu, na safari yangu yote.

Nikavaa kaunda suti. Nikazima mashine mchana kweupe, watu wa Mchombe wamekaa juu ya magunia yao wananiangalia.

"Mzee, tumetoka mbali, tukobolee kwanza!"

"Subirini. Leo nafundisha."

Nikaongea. Nilianza kule milimani Mahenge nilikozaliwa, nikashuka na njia yote, kubeba magunia, kulala juu ya pumba, mashine ya kwanza iliyokuwa inakohoa kuliko kukoboa. Mwalimu ameshika simu yake, anatingisha kichwa, "Ndiyo baba, ndiyo baba." Mwishoni akasema, "Sasa naomba uushike mkanda, nione unavyoukaza." Nikaukaza. Nikasema mkanda ukilegea, mota inazunguka bure na mpunga unabaki mpunga. Basi.

Runinga ya kuonyeshea nilitoa mimi. Shule ina projekta, taa yake imeungua siku nyingi, lakini mgeni akija mwalimu mkuu anaipangusa vumbi na kusema, "Hivi ni vifaa vyetu vya TEHAMA." Nikabeba runinga ya sebuleni kwangu, kubwa, nikaipeleka kwa bajaji. Mwalimu mkuu akanipokea getini, "Karibu sana mdau." Mdau! Mimi nina jina na nina mashine, yeye ananiita mdau, kama mtu aliyepita njia akasikia harufu ya chai.

Nikakaa nyuma ya darasa na mke wangu na wafanyabiashara wenzangu wawili niliowaalika, maana nilitaka mashahidi. Runinga ikawaka. Mkanda ule, umejaa skrini nzima. Mikono ikaingia, ikaukaza. Sauti yangu ikasema maneno ya mota kuzunguka bure. Skrini ikazima.

Nikasubiri. Nikadhani umeme umekatika.

"Haya," mwalimu akawaambia watoto, "mmeona nini?"

Nikasimama. "Mwalimu! Na mimi niko wapi?"

Kabla hajajibu, kabinti kamoja ka mbele kakageuka, "Si ule mkono, babu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Wafanyabiashara wenzangu nao, na midomo wameziba kwa kofia. Mke wangu ndiye alinimaliza: "Kumbe umewaacha watu wa Mchombe juani ukapigwe picha kiganja?"

Suti yangu ilionekana kipande cha mkono tu, na kifungo kimoja. Nikaenda mbele, nikachomoa waya ukutani, nikakumbatia runinga yangu nikatoka nayo. Bajaji ilikuwa imeshaondoka. Nilitembea nayo barabarani mpaka nyumbani, na kila niliyepishana naye aliuliza, "Mzee, imeharibika?"

Jioni mwalimu akaja uani. Sikumkaribisha kiti.

"Baba, nilikukata kidogo."

"Kidogo? Umenikata kichwa!"

"Wangekuangalia wewe, wasingeangalia mkanda. Kama ile theluji."

"Kwa hiyo mimi ni theluji?"

"Baba, unapoongea unapendeza mno, ndiyo shida yenyewe."

Maneno matamu, lakini nilikuwa sitaki asali. Nikamwambia runinga haitoki tena humu ndani, na malengo yake akayaonyeshe kwa kutumia boksi la sabuni. Nilidhani atalia, au atamleta mwalimu mkuu aje aniite mdau. Akasema, "Sawa baba, usiku mwema," akaenda kupika.

Hiyo sawa yake iliniuma kuliko kicheko cha darasa. Siku zilizofuata akawa anafundishia simu yake, makundi kwa makundi, watoto wamebanana vichwa kama vifaranga kwenye kopo la maji. Nilipita pale shuleni, siyo kwa kuchungulia, nilikuwa na safari zangu. Asubuhi ananisalimia vile vile, hajapunguza neno. Sasa mtu unamkasirikiaje vizuri mtu anayekusalimia? Na runinga iko sebuleni, na kila nikiiwasha mke wangu anauliza, "Leo wanaonyesha mkono gani?"

Nikamfuata mwenyewe. "Runinga utapata. Lakini uso wangu uwemo, na maisha yangu."

Akaangalia boksi lake mlangoni kana kwamba anaiomba ruhusa ile karatasi ngumu. "Uso sawa, baba. Dakika tatu."

"Nimeishi miaka hamsini na kitu!"

"Nami nimejiwekea lengo, baba. Nikilivunja kwako nitalivunja kwa kila mtu. Wewe mkanda wako ungeulegeza kwa sababu mteja amevaa suti?"

Alinipata. Sikufurahi, ila alinipata. Nikavaa tena suti, nikakaa mbele ya simu. Nikaanza Mahenge, maana mtu anaanzia alikozaliwa. Nikawaambia kuhusu dirisha la darasa la nne. Nikashuka milima na mkeka wangu mgongoni, nikafika ukingoni mwa mto, enzi hizo daraja hakuna, tunavuka kwa pantoni, mvua imenyesha, sina nauli, na mbele yangu lori la mpunga limekwama kwenye tope likisubiri kupanda…

"Zimeisha, baba."

"Zimeisha nini?"

"Dakika tatu."

"Bado sijavuka mto!"

"Nimeona, baba. Turudie, uanzie mtoni?"

"Sirudii! Waonyeshe hivyo hivyo. Waone ulivyoniacha upande wa pili."

Nilisema kwa hasira, nikitaka aaibike. Akaonyesha hivyo hivyo. Safari hii sikualika mtu. Nilikaa nyuma peke yangu, na runinga nikiwa nimeifunga waya kwa mkono wangu. Watoto wakauona uso wangu, hakuna aliyecheka. Pale kwenye dirisha waligeuka kunitazama. Lori likakwama, skrini ikazima, na darasa likalia kwa sauti moja, "Aaaah!"

"Alivuka?" "Madam, alivuka?" "Alipata wapi nauli?"

Mwalimu akasema, "Mimi sijui. Skrini imezimwa, siongei mimi." Akaja nyuma, akakaa kando yangu kwenye dawati, akanionyesha ubao kwa kidevu.

Nikaenda mbele. Wamekaa wale, sare zao zimepigwa pasi, wananitazama mimi. Nikawaambia lori lilikuwa linazungusha matairi bure kwenye tope, tajiri wake anatukana kila mtu, na mimi nikakunjua mkeka wangu, kitu pekee nilichokuwa nacho, nikausukumia chini ya tairi, na lori…

"Msuguano!" kabinti kale kale kakaruka juu. Na darasa zima, "Msuguano! Msuguano!" Wanapiga madawati.

Mimi nasimulia maisha yangu, wao wanapiga kelele za somo! Mkeka ule ulichanika vipande, nililala kwenye ardhi tupu mpaka nilipoajiriwa na yule yule tajiri wa lori kufagia mashine yake, na wao wanaona msuguano tu. Nikapiga kiganja mezani, ule ule mkono wanaoujua.

"Nyamazeni! Sijamaliza. Lori likapanda pantoni, na mimi nikiwa nyuma yake nasukuma. Hivyo ndivyo nilivyovuka."

Nyuma kule mwalimu akainua mkono, akanigongea saa yake kwa kidole.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo saa kaibandike mlangoni kwako." Nikawageukia watoto, nikaendelea na ng'ambo ya pili.