Mwaka Masika Alipoikataa Pikapu

Kwa miaka mitatu mfululizo Masika alimaliza mbio za shukrani akiwa ameketi ndani ya pikapu ya Papa Ezéchiel, na kila mara alishuka kwenye lango la kanisa ameinamisha uso, akijifanya anafunga kamba za viatu ili asitazamane na mtu.

Utaratibu wa kanisa lao la mtaa wa Malvern ndio uliomtesa. Kila Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Wakongo wa kanisa lile hukimbia kutoka Newtown, katikati ya jiji, hadi uwanja wa kanisa, kilomita nane hivi, kumshukuru Mungu kwa mwaka unaokwisha. Mshindi hapewi kikombe. Kinachongojewa ni chakula: sombe ya majani ya muhogo, maharage, samaki wa chumvi na ugali wa fufu. Na hakuna sufuria inayofunuliwa mpaka mkimbiaji wa mwisho afike, kwa kuwa kwenye shukrani, wanasema, haachwi mtu nyuma. Maneno matamu hayo ukiwa umeshiba. Ndiyo maana pikapu hufuata nyuma kabisa: atakayepanda huhesabiwa kuwa amefika, na watu wakala.

Masika ni msusi wa miaka hamsini na mmoja. Hushinda amesimama saluni, Barabara ya Jules, na jioni miguu imevimba. Lakini mwaka huu goti lake lililopasuliwa Februari lilikuwa limepona, naye aliapa mbele ya wateja kwamba safari hii atafika kwa miguu yake. Wateja walicheka mpaka akaharibu mistari ya kichwa alichokuwa akisuka.

Siku ilipofika, nusu ya njia ilikuwa haijaisha na wenzake wote walikwishapotea mbele. Alibaki yeye, jua, na pikapu ikinguruma nyuma yake. Papa Ezéchiel, mzee wa kanisa mwenye roho nzuri na tumbo linalogusa usukani, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Masika, panda basi. Batu beko na njala."

"Bangoje, Papa."

"Jua ni kali!"

"Na saluni yangu iko kali vilevile, na nasimama mule kutwa."

Alijibu hivyo, lakini aibu ilikuwa inamla. Kichwani aliwaona watoto kule kanisani wakizunguka sufuria, aliwasikia akina mama wakiguna. Pikapu ikasogea ubavuni, na mkono wake ukashika kitasa cha mlango. Akakiachia kama kimemchoma.

"Leo nitafika na maguu yangu," akasema kwa hasira. "Hata wakalale na njala."

Kwenye taa za barabarani zilizofuata, pikapu ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi na kuzimika. Fundi wa matairi ng'ambo ya barabara akaja, akachungulia injini, akatikisa kichwa.

"Eish! Imekufa," Papa Ezéchiel akalalamika. "Mama, ningojee kidogo!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Masika alicheka. "Acha gari kwa fundi, Papa. Ufuate polepole!"

Akaenda. Alitembea pale alipochoka, akakimbia pale alipoweza, na alipopita mbele ya saluni yake wasusi wenzake walitoka na vitana mikononi wakimpigia kelele. Alipoingia langoni, uwanja mzima uliinuka kwa vigelegele. Masika alilia waziwazi, uso juu, wala hakutafuta pa kujificha. Amefika, kwa miguu yake mwenyewe!

Arlène, mkuu wa wapishi, hakutaka kupoteza hata dakika. Akashika kifuniko cha sufuria kubwa.

"Acha!" Masika akamzuia, bado anahema. "Kuna mutu ajafika. Gari ya Papa Ezéchiel imekufa. Eko nyuma, anakuja na maguu."

 Mchungaji alifikiri kidogo, akakubali kwamba utaratibu ni utaratibu: haachwi mtu nyuma. Kicheko kikalipuka, na Arlène akarudisha kifuniko.

Walimngoja mzee wa kanisa dakika ishirini na tatu. Masika, nyayo zikiwaka moto, alizifurahia dakika zote.