Barua za Baba Mkwe Mnadani

Baba mkwe wangu niliishi naye ua mmoja kule Kyimo kwa miaka ishirini na tisa, na sura yake naijua kwa picha. Mke wa Kinyakyusa wa zamani humkimbia baba mkwe. Hamtazami, haongei naye, akimsikia anakohoa njiani anaingia migombani. Jina lake halitamki, hata neno linalofanana nalo hulitafutia jingine. Mabinti wa siku hizi wameuacha mwiko huu, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, wala sisemi wanakosea. Mimi niliolewa na watu walioushika, nikaushika.

Ila mzee alikuwa mwandishi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtunzi wa tenzi na hadithi zilizowahi kusomwa redioni, na mimi nilifika kwake na darasa la saba langu na tamaa ya kusoma isiyo na adabu. Nilikuwa nafagia chumba chake akishatoka. Siku moja nilikuta kitabu mezani, nikakisoma nimesimama, ufagio mkononi, na mwisho wake sikuuelewa. Nikaandika swali kwenye karatasi ya daftari, nikalisukuma chini ya pembe ya zulia. Lilikuwa zulia jekundu la Kiajemi, alilouziwa na Mhindi mwenye duka pale Tukuyu alipokuwa akihama, na tayari lilikuwa la kale. Kesho yake jibu lilikuwa palepale, limeandikwa nyuma ya karatasi yangu.

Basi tukaendelea hivyo miaka yote. Mama mkwe alijua, akanyamaza. Kuandika hakukukatazwa na mtu. Waliotunga mwiko hawakuwa na kalamu.

Mwaka wa tatu wa ndoa nilizaa mtoto wa kiume, akaishi siku nne. Jina alikuwa hajapewa. Walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, na mume wangu akasema tusimtaje tena, tutapata wengine. Kweli tulipata wengine watatu. Lakini mimi sikuweza, nikamwandikia mzee kwamba kila mtu ananiambia sijapoteza mtu. Alikaa wiki nzima bila kujibu. Kisha nikaikuta karatasi: “Mwanangu, aliyezaliwa ni mtu. Huyu ni mjukuu wangu, nimempa jina langu.” Akaliandika jina lenyewe lote, kwa wino mweusi.

Nililia hadi nikashindwa kufagia. Mtoto wangu alikuwa amepata jina, na lilikuwa lile moja duniani ambalo mdomo wangu haukuruhusiwa kulitamka. Nililisoma tu. Kila nilipozidiwa nililisoma.

Mvua ya kwetu mnaijua. Nyumba yetu ilivuja, karatasi zikaanza kuota ukungu, na mzee akaniandikia nizirudishe kwake azihifadhi kwenye sanduku lake la bati. Nikazirudisha zote kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiitaka ile ya mtoto, namwandikia, ananiwekea chini ya zulia, nikishaisoma namrudishia.

Mzee alipofariki, wanawe walikaa wakaona vitu vyake haviwezi kugawanyika bila ugomvi, heri viuzwe. Dalali akatoka Mbeya. Akaja na mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Dar es Salaam, aliyefuata hasa barua ambazo mzee aliandikiana na waandishi wenzake, zilizokaa sanduku lilelile na zangu. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao baba mdogo, mdogo wake marehemu, naye pia ni mkwe wangu, simsogelei. Ningeweza kumtuma mume wangu. Lakini angeuliza karatasi gani, angesoma, angejua kwamba mtoto aliyenikataza kumtaja nilimtaja kwa mzee. Siku tatu nilijiandaa kumwambia, na siku tatu niliogopa. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa, nikaendelea kuficha.

Siku ya mnada nilikuwa jikoni napikia watu, naona uwanja kupitia nafasi za mbao. Zilianza picha mbili za rangi ya mafuta, moja ya Mlima Rungwe, nyingine ya wachuma chai. Zikaenda. Zulia likakunjwa, likaenda. Kisha sanduku likafunguliwa, dalali akachukua karatasi ya juu akaisoma kwa sauti. Lilikuwa swali langu mojawapo la ujana, la kijinga kabisa, na watu wakacheka. Akapekua nyingine.

“Hizi naona ni za mwanamke,” alisema. “Mwenyewe kama yupo ajitokeze, tumtolee pembeni.”

Mnunuzi hakupinga. Kutoka mlango wa jikoni mpaka pale sandukuni ni hatua kumi na kitu. Lakini baba mdogo alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha marehemu, na mimi miguu yangu imefundishwa karibu miaka thelathini kurudi nyuma. Nilishika mlango. Niliomba mume wangu ageuke, naye hakugeuka.

“Mwenyewe hayupo,” alisema baba mdogo, bila ubaya wowote.

Dalali akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Baadaye nilimwambia binti yangu sehemu ya ukweli, akampigia yule mnunuzi. Alijibu kwa upole kwamba mafungu yote ameshayauza, yako nje ya nchi, na mwenye nayo hamjui vizuri.

Mwezi uliopita walijengea kaburi la mzee. Saruji ikabaki, mume wangu akasema wamalizie na kale kadogo ka migombani. Nilishangaa kwamba alikumbuka lilipo. Fundi akalainisha saruji, akashika msumari, akauliza jina. Ningeweza kulichora mimi. Wangeniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kutumia jina la mzee, na jibu langu lilikwenda na sanduku. Nikafungua mdomo hata hivyo, mbele ya mume wangu na fundi tu, na hakikutoka kitu.

“Hakuwa na jina,” mume wangu akamwambia. “Andika Mtoto.”

Fundi akaandika. Nikasimama pale mpaka saruji ikakauka.