Taa Iliyosimama Magharibi

Juzi, jua lilipokwisha kuzama, binti yangu aliielekeza simu yake kwenye taa nyeupe angani, akasema, "Mama, ile ni Zuhura."

Taa ile naijua. Niliiona nikiwa mdogo, jioni ya kutafuta mwezi wa Idi, tumepanda kwenye paa la saruji la nyumba yetu Mji wa Kale. Harufu ya kaimati zilizokuwa zikikaangwa jikoni ilitufuata hadi juu. Baba alikuwa amekwenda Arabuni kutafuta kazi, na habari zake zilikuwa zimekatika.

"Ingekuwa ndege ingekwenda," alisema Swaleh, kijana wa jirani, akiionyesha ile taa. "Hiyo ni sahani ya angani, chombo cha viumbe wa mbali. Huchukua watu."

Basi nikajua Baba alikokwenda. Mwezi ulipoonekana, takbiri zikasikika mtaa mzima, nami nilikuwa nikiipungia mkono ile taa.

"Mwezi uko huku, mwanangu," Bibi alisema, akanigeuza kichwa taratibu. Niliutazama kidogo, kisha nikairudia taa yangu mpaka ikazama.

"Ni sayari tu, Mama," binti yangu aliniambia.

Nilimjibu kwamba najua. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka.