Firigisi ya Mheshimiwa

Juzi nilikuwa Kitale, nimekaa kwa msusi, redio ikiwa juu. Mheshimiwa fulani alikuwa anaulizwa kazi yake ya wiki nzima ni gani. Akaanza kusimulia: katikati ya wiki bungeni, Ijumaa safari, Jumamosi na wananchi, Jumapili kanisani. Ati watu hawajui vile wao wanachoka. Nilicheka mpaka msusi akaniambia nitulize kichwa. Halafu, rafiki yangu, hasira ikanipanda, hasira ya miaka mingi, kwa sababu hiyo wiki naijua. Nimeipikia.

Nilikulia kwa bibi yangu, kwenye mteremko unaotazama mto, si mbali na soko la Misikhu. Miaka ya themanini ikielekea mwisho, mheshimiwa wetu alikuwa akitoka Nairobi Ijumaa, na Jumamosi anazunguka. Chifu alitangaza mapema ni boma gani litampokea. Boma likishatajwa, hakuna kupumzika: kupaka kuta udongo na samadi, kufagia uwanja, kusaga wimbi, kuchuja majivu ya maganda ya maharagwe tupate chumvi ya kulainisha mboga ya mrenda. Na jogoo. Mheshimiwa bila jogoo? Utasemwa mpaka Bungoma mjini. Hadi leo nikisikia harufu ya manyoya yaliyolowekwa maji ya moto, nakumbuka Jumamosi.

Kwetu, kama hujui, kuku hakuliwa ovyo. Wanawake wa umri wa bibi hawakumwonja kabisa. Walimpika, kisha wakala mboga. Na firigisi ilikuwa ya mwenye boma, yule anayebeba mzigo wa boma. Mgeni akipewa firigisi, ameambiwa bila maneno mengi kwamba boma hili sasa ni lako, na shida zake ni zako. Mheshimiwa alilijua hilo vizuri. Si alikuwa mtoto wa hapo hapo?

Shida yetu ilikuwa moja: daraja. Mto tuliuvuka kwa gogo, na mvua ikinyesha Mlima Elgon, gogo linamezwa. Shule yetu ilikuwa ndogo, kwa hivyo darasa la nane walifanyia mtihani katika shule kubwa ng'ambo. Mwaka ule dada yangu alikuwa darasa la nane. Dada alikuwa na kichwa, jamani. Ndiye aliyenifundisha kusoma, akichora herufi kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni. Alitaka kuwa nesi, na mwalimu alimwambia bibi wazi kwamba huyu atafika.

Zamu yetu ilipokuja, bibi alimwekea mheshimiwa firigisi mbele ya watu wote, akamwomba daraja kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Mheshimiwa akaitafuna, akafuta midomo, akasema amesikia, Jumatatu ataanza na hilo. Tulipiga makofi. Bibi aliimba jioni nzima akiosha vyombo. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Kila Jumamosi alikuwa kwenye boma la mtu mwingine, anakula firigisi nyingine, anasikia shida nyingine. Kazi yake ilikuwa hiyo bana, kula na kusikia.

Asubuhi ya mtihani mto ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa, gogo halionekani. Kwetu halikuwa limeanguka hata tone. Mvua ilinyesha mlimani. Dada na wenzake walisimama ukingoni na sare zilizopigwa pasi, penseli mkononi. Mwalimu alikuwa amelala ng'ambo kutayarisha madawati, sasa anapiga kelele kutoka ukingo wa pili ati wazunguke barabarani. Kuzunguka ilikuwa safari ya nusu siku. Wanaume walijaribu kufunga kamba, maji yakaibeba. Kisha tukasikia kengele ya ile shule, wazi kabisa, kama iko uani kwetu. Dada hakulia. Alikaa chini kwenye matope na ile sare yake safi.

Jumamosi hiyo mheshimiwa alikuja na chifu kutupa pole. Bibi akachinja jogoo tena, nami nikamkasirikia kweli kweli. Ati bado tunampikia? Watu walijaa uwanjani. Mheshimiwa akaomba, akasema mvua ni mipango ya Mungu, akavuta kiti karibu na sahani. Bibi akainua firigisi, akampita nayo, akaiweka mkononi mwa dada yangu.

"Mama, huyo si ni msichana?" mheshimiwa akasema, akitabasamu kidogo.

"Ni msichana, kijana wangu," bibi akasema. "Mzigo wa hili boma ameubeba yeye. Wewe ulikula tu."

Kisha akamgeukia dada, akamwambia ale.

Dada akala huku machozi yanamtiririka. Miaka ile watu walikuwa wanashikwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Chifu akasimama, mheshimiwa akamvuta akae, halafu wote wawili wakaondoka bila kula. Zamu yetu ikawa inarukwa mpaka mheshimiwa huyo alipoanguka kwenye uchaguzi, miaka ya tisini.

Dada angeweza kurudia darasa. Lakini baba, aliyekuwa akifanya kazi mashambani Kitale, alituma neno kwamba msichana mkubwa hawezi kukaa tena na watoto. Kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata akaolewa upande wa Kapsokwony. Mimi ndiye niliyesoma, na inaniuma mpaka leo.

Bibi tulishamzika. Zile Jumamosi za kupaka kuta hazipo tena. Waheshimiwa wa siku hizi wanatua na helikopta uwanjani na kuondoka kabla vumbi halijatulia. Misitu ya mlimani imekatwa, ukingoni watu wamepanda mikaratusi, na mto umebaki mfereji ambao mbuzi anauruka. Na sasa, ona sasa, ndiyo wametujengea daraja. La zege, pana, na jina la mheshimiwa wa sasa limechongwa ubavuni. Dada alikuja kuimba na akina mama wa kwetu siku ya kulifungua. Nyimbo zilipoisha tulisimama juu yake sisi wawili, tukitazama mawe makavu huko chini. Mimi nilitukana, sitakuficha. Yeye akanishika mkono.

"Ni zuri," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nalitaka asubuhi moja tu."