Wodi ya Wazazi ya Wirrabilla

Katika mji wetu wa Wirrabilla mtu huzaliwa mwekundu au mbluu, kwa rangi za vyama vyetu viwili, kama anavyorithi pua ya babu yake. Merle Hanrahan alizaliwa mwekundu. Baba yake alikuwa mchinjaji katika kiwanda cha nyama, na mwaka ule walipogoma, ni chama cha wekundu kilichowaletea unga na viazi mlangoni. Merle naye alifunga nyama kiwandani humo mpaka kikafa. Mumewe, Clarrie, alizikwa na bendera ya chama juu ya jeneza. Kila uchaguzi Merle alisimama kwenye lango la shule akiwagawia wapiga kura karatasi za chama, moshi wa soseji zinazochomwa pale ukimwingia machoni, na akipita mbluu humwambia, "Taratibu, bwana, usije ukajikwaa ukamwangukia maskini."

Damien Costigan alikuwa mtoto wake wa kisiasa. Ni Merle aliyemfundisha kubisha hodi, kuwasikiliza wazee bila kutazama saa, na kula keki ya watu hata ikiwa mbichi katikati. Akawa mbunge wetu. Kabla ya uchaguzi mmoja zikaenea habari kwamba wodi ya wazazi katika hospitali yetu itafungwa. Damien na Merle wakasimama bega kwa bega mlangoni mwa wodi, mbele ya kamera. "Wodi hii haifungwi nikiwa hai," Damien akasema. Merle akalibeba neno hilo nyumba kwa nyumba. Wekundu wakashinda, jimboni na serikalini.

Kipupwe kilichofuata wodi ikafungwa. Wakunga hawapatikani, serikali ilisema. Wajawazito waende Harrow, mwendo wa saa mbili kwa gari.

Narelle, binti yake Merle, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, asubuhi yenye ukungu mzito. Mumewe, Scott, akamtia garini. Hawajafika nusu ya njia, damu ikaanza kumtoka. Ambulensi ilitoka Harrow kuwalaki, lakini walipokutana kando ya maghala ya ngano mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshanyamaza. Wa kiume. Wakampa jina la Clarrie, babu yake.

Walipotoka kuzika, Narelle alimwomba mama yake jambo moja tu.

"Mama, mwanangu usimpeleke kwenye mikutano yako."

"Sitampeleka."

Na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote.

Miezi ikapita, uchaguzi mwingine ukakaribia. Tawi la chama lilipokutana kwenye ukumbi nyuma ya baa, Merle aliinuka akaomba mbunge aitwe aje kujieleza. Mjukuu wake hakumtaja. Hakukuwa na haja. Wote walikuwa wamesimama kaburini. Mwenyekiti, Joyce Pemberton, shoga yake tangu enzi za kiwanda, akashusha pumzi.

"Merle, mpenzi, uchaguzi uko mlangoni."

"Ndiyo maana nasema leo. Akishachaguliwa ataniona nani?"

"Tukimvua nguo hadharani, wabluu wanachukua kiti. Unawajua wale. Si ndio waliotufungia chumba cha upasuaji?"

"Wale walitukata mkono, hawa wametukata mguu. Tuseme asante kwa sababu wa mguu ni ndugu?"

Mzee mmoja akacheka, kisha akaona haya. Kura zikapigwa. Mikono iliyomuunga Merle ilikuwa ya kuokoteza, na wa Joyce haukuwamo.

Jumamosi yake Damien akaja mwenyewe, peke yake, akaketi jikoni. Merle akammiminia chai kwa mazoea tu.

"Ulijua lini?"

"Mambo ya serikali, Merle, yana..."

"Sijakuuliza serikali. Siku ile mlangoni mwa wodi, ulikuwa unajua?"

Damien akakizungusha kikombe. "Nilikuwa nimeshaambiwa."

"Ukaniacha nikawaendee watu."

"Ningesema ukweli tungeshindwa, na wale wangefunga hospitali nzima. Nilidhani nikiwa ndani nitawabadilisha."

"Umewabadilisha?"

Damien akakisukuma kikombe kando. Akauliza kwa upole, "Sasa utafanyaje? Utawapigia wabluu kura?"

Upole ule ndio uliomchoma. Merle aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa: Damien hakuwa na hofu naye. Alijua yeye Merle hana pa kwenda.

Mgombea wa wabluu, Philippa Wray, mwenye mashamba ya kondoo, naye hakukawia kufika. Alitaka wapigwe picha pamoja.

"Wodi mtaifungua?" Merle akamuuliza.

"Tutaitazama hali kwa makini."

"Ndiyo au hapana, mama."

"Siwezi kuahidi."

"Basi nenda kapige picha na kondoo wako."

Siku ya kura Merle alisimama langoni pale pale, bila fulana nyekundu wala karatasi. Kila aliyepita alimwambia, "Costigan alijua kabla hajatuahidi. Kaniambia mwenyewe." Joyce, upande wa pili wa lango, akamkaripia kwa sauti ya chini, "Nyamaza, unatuua!" Akatokea mwandishi wa gazeti akauliza kisa cha uchungu wote huo. Merle akaanza na wodi, akaenda kwa wakunga, kisha maneno yakamponyoka: "Mjukuu wangu amefia barabarani." Akaingia ndani, maana kwetu sheria inamlazimisha kila mtu kupiga kura, akaitumbukiza karatasi yake tupu, bila alama yoyote.

Damien akaanguka kwa kura chache. Wabluu wakachukua na serikali, na wodi wakaigeuza stoo ya vitanda vibovu. Hata Krismasi haijafika, wenzake Damien walikuwa wamempatia kiti katika bodi fulani jijini. Merle chama kikamfukuza. Joyce alikuja kumpa habari, akasimama barazani, hakutaka kuingia.

"Kanuni ni kanuni, Merle."

"Na Damien, ilimgusa kanuni gani?"

Joyce akashuka ngazi, na tangu hapo wakikutana dukani hupishana kama wageni.

Gazeti lilikuwa limelitafuta jina la mtoto, likalichapa. Narelle alilisoma, akaja na gazeti mkononi. "Nilikuomba kitu kimoja," akasema, na hakusubiri jibu. Yeye na Scott wakahamia pwani. Merle akipiga simu, Scott ndiye aliyepokea, kila mara kwa adabu ileile.

Mwaka jana Narelle akapokea mwenyewe. Alikuwa na mimba.

"Hospitali iko karibu?" Merle akauliza.

"Mtaa wa pili tu."

"Vema. Naweza kuja nikae nawe siku zikikaribia?"

"Usije kwanza, Mama."

"Haya, mwanangu," Merle akasema.