Siku Motokari Yangu Ilipokataa Kuchoka

Nianze na aibu yenyewe ili mucheke mumalize: hapa Kalemie, kutoka stesheni ya gari la moshi mpaka daraja la Lukuga, jina langu la kweli wamelisahau, wananiita Papa Farasi, na farasi mimi sijamuona hata mmoja maishani, ila yule wa kwenye kitabu cha shule, na ukurasa wake ulikuwa umechanika, nikaona miguu ya nyuma tu.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati tulikuwa tunaitana Sitwayeni, ni kusema raia, hata na mtu aliyekuibia kuku. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mukinitafuta, niko barazani kwenye kiti changu, redio sikioni, na motokari yangu ya bluu iko uani chini ya turubai, inatoka Jumapili tu kutupeleka kanisani juu ya kilima. Na hata hiyo Jumapili (tuseme ukweli) ilikuwa haifiki. Katikati ya mulima inaanza kukohoa, mke wangu Mama Kabedi anashuka na kitenge chake cha ibada, watoto wanashuka, wanasukuma, na mimi nabaki kwenye usukani nimekunja uso kama mtu anayefanya kazi kuliko wao wote.

Sasa wiki ile karatasi ya asiransi, ile bima ya motokari, ilikuwa inaisha, na mama mukwe alikuwa ametoka Nyunzu kwa ubatizo wa kitinda mimba wetu, Jumapili hiyo hiyo. Chini ya kilima wanasimama majandarme, askari wa barabara, na wao wanatazama ile karatasi kwenye kioo kabla ya kutazama kama dereva ana kichwa. Bila asiransi, mukwe wangu atapanda kilima kwa miguu, na mimi nitaenda kujificha wapi? Na wakati ule asiransi ilikuwa moja tu, hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha kutafuta bei ya chini. Ukiona bei ni kali, unalia, halafu unalipa.

Jirani yangu Papa Muteba, mustaafu wa reli, ndiye aliyenitia hiyo akili mbaya.

"Wee, bei yao inafuata shevo," akaniambia, "ni kusema farasi za injini. Yako wameandika saba. Mimi, tangu nikujue, farasi ninaowaona ni mke wako na watoto wako. Sema iko na nne!"

Hasira ikanipanda. Miaka yote nalipia farasi saba, kumbe watatu walishakufa zamani, na hakuna hata mtu aliyekuja kunipa pole! Nikatoa karte rozi, kile cheti cha motokari, nikaitazama ile saba, na hapo mawese yakadondoka juu yake. (Yalidondoka. Kidole changu kilikuwa kinapita tu.)

Alhamisi, siku ambayo si yake, nikaitoa motokari nikaenda biro, ile ofisi ya asiransi, Mama Kabedi na mama yake wananingoja ndani ya motokari, maana walitaka tupitie soko kununua ndagala, vile visamaki vya ziwa. Karani, Sitwayeni Ngoie, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa na uzi, akainua karte rozi kwenye mwanga wa dirisha.

"Sitwayeni, hapa kumeandikwa shevo ngapi?"

"Nne."

"Mimi naona mawese."

"Chini ya mawese kuko nne."

Akainusa. "Mawese haya ni ya leo."

Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini mimi nikishakasirika sauti yangu haina mlango, nikapiga kelele mbele ya mustari wote wa watu: "Saba gani? Ingekuwa na saba ingepanda kilima cha kanisa! Uliza Kalemie nzima! Haijapanda hata siku moja!"

Karani akafunika kalamu yake. "Basi tuende tuone inavyoshindwa. Ikishindwa, naandika nne. Ikipanda, saba, na hatusemezani tena."

Nikafurahi! Sijawahi kujivunia ubovu wa motokari yangu kama saa ile. Karani akaketi mbele, na wale wa mustari wakafuata kwa miguu, hakuna aliyebaki. Mama Kabedi akanivuta shati kutoka nyuma: "Baba Kabedi, ngoja kwanza nikuambie kitu..."

"Nyamaza, mama, haya ni mambo ya wanaume."

Tukaanza kupanda. Tukafika kwenye ule ukuta ambapo watoto huwa wanaruka chini bila kuambiwa, na motokari haikukohoa. Iliimba! Jasho likanitoka. Nikakanyaga ambreyaji, ile klachi, nusu, kimya kimya, mguu mwingine nikaulaza juu ya breki, harufu ya kuungua ikajaa ndani, na ile takataka inapanda tu kama mbuzi aliyeona mahindi.

Mama mukwe, kwa desturi, hasemi nami uso kwa uso, alikuwa amegeukia dirisha tangu nyumbani. Akamuambia binti yake, kwa sauti ya kumuamsha kiziwi:

"Mama Kabedi, baba yako aliendesha kamyo ya pamba, harufu ya breki ninaijua. Uulize bwana yako: tunapanda mulima, breki anaikanyaga ya nini?"

Karani akainama, akatazama miguu yangu. Akafunua kalamu yake. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Huko juu, akina mama waliokuwa wanafagia kanisa, ambao motokari yangu waliijua kwa kuisukuma, wakaitupa mifagio wakapiga vigelegele, "Imefika! Leo imefika!" na mulinzi akapiga kengele. Watu wakanipa mikono. Karani akaandika saba juu ya goti lake.

"Na kwa ile breki ningekuongezea farasi wa nane," akasema, "lakini ninamuheshimu mama."

Tulipobaki peke yetu Mama Kabedi akanieleza: Jumanne, nikiwa na redio yangu, alimuita fundi uani, akabadilisha buji, zile plagi za moto, na kusafisha kabireta, ili mama yake asije akasukuma. "Nilitaka kukuambia. Ukasema mambo ya wanaume."

Jumapili karatasi mpya iko kwenye kioo, majandarme wanatupungia mkono. Katikati ya kilima injini inanguruma, magurudumu hayataki: ambreyaji niliiunguza mwenyewe, kwa mguu wangu mwenyewe, Alhamisi. Mama mukwe akashuka bila kuambiwa, akakaza kitenge, akaweka mikono nyuma ya motokari kando ya binti yake. Nikasikia:

"Mama Kabedi, uulize bwana yako: wale saba aliowalipia wako wapi?"

"Sukuma tu, mama. Hao saba ndio sisi."

Tangu siku ile karatasi naisoma vile ilivyoandikwa, mawese yanabaki kwenye sufuria, na mke wangu akinivuta shati ninanyamaza. Na asubuhi ile ya Jumapili nilimpa yeye usukani, nikaenda nyuma na mimi, nikainamisha kichwa mukwe wangu asinione uso, nikasukuma: farasi wa nane, yule asiransi haimujui.