Mbwa wa Kusemezwa

Darasa la kwanza hapa Omrai, kwenye kijito cha mto Sepik, lingeanza na kitabu cha Kisanggu, si cha Kiomrai. Kamati ya shule ilishaamua. Habari hiyo ndiyo iliyomtoa Yambuke jikoni, popoo mdomoni, hasira usoni.

"Kisanggu ni ndugu wa lugha yetu, sikatai," alimwambia Mwalimu Tobias, aliyefika na boti kutoka mjini. "Lakini hawana hata ile sauti yetu ya kukata kooni. Wanaongea kama wamemeza mafuta!"

Mwalimu akampa nafasi: azungumze Kiomrai na mwenzake, maongezi ya kawaida, naye mwalimu arekodi mfano wa kutungia kitabu cha Kiomrai. Boti ilikuwa inarudi jioni ileile.

Wanaokimudu Kiomrai ni wachache, na karibu wote walikuwa msibani ng'ambo ya mto. Aliyebaki ni Kolman, mume wa binti yake. Kwa mila yao, mkwe hatazamwi, hatajwi jina, hasemezwi. Kila neno hupita kwa mtu wa tatu. Kolman akaketi nyuma ya ukuta wa makuti, na binti, Dorin, akawekwa katikati. Yambuke alisema Kiomrai, Dorin akafikisha kwa Tok Pisin, lugha ya mjini na sokoni, Kolman akajibu kwa Tok Pisin.

"Dorin! Mimi nilikulea kwa lugha gani?"

"Mama, naielewa. Ulimi ndio hautaki."

Yambuke akamgeukia mbwa wa nyumba aliyelala majivuni. Zamani wakwe wakikwama walimsemeza mbwa, na hakuna aliyelaumiwa.

"Wewe mbwa," akaanza kwa Kiomrai, "hebu nieleze, unga wa sago tulioutwanga wote, mbona kwangu umefika nusu kikapu?"

Nyuma ya makuti Kolman akakohoa, akajibu kwa Kiomrai. "Mbwa, mwambie anayelalamika, siku hiyo kilichotwanga ni meno yake tu, akitafuna popoo."

"Mbwa, wewe ni mvivu! Pua yako ndefu, mikono mifupi!"

"Mbwa, domo lako hilo hata mamba analikimbia!"

Dorin alicheka mpaka akashika nguzo. Mwalimu naye alifurahi, mpaka Dorin alipomtafsiria. Akazima kinasa sauti.

"Mama, haya nimfundishe mtoto wa darasa la kwanza?"

"Kwani mtoto akijifunza kusema huanza na maneno yapi?"

"Rudieni basi, kwa upole."

Lakini mbwa, aliyechoka kutukanwa, alikwishaondoka. Yambuke alimwita, akamfuata mpaka kwa jirani, akamwonyesha samaki mkavu. Mbwa akaingia chini ya nyumba, akalala. Yambuke alikuwa bado amepiga magoti matopeni aliposikia boti ikiwashwa.

Aliporudi, maboksi ya vitabu vya Kisanggu yalikuwa kwenye ngazi ya shule. Dorin akamjia taratibu.

"Mama, Kolman anasema pole."

"Kasema kwa lugha gani?"

"Tok Pisin," Dorin akajibu. Yambuke akatema popoo, akaingia jikoni.